Taa ya buluu kwa matumbawe ya nyumbani: halaidi, tyubu za T5 au LED?

Mama alipokuja Maskati kututembelea alikaa sebuleni nusu saa nzima kabla ya kuuliza lililokuwa likimkera: "Hii disko mnaizima saa ngapi?"

Disko ni tangi langu la matumbawe. Lina urefu wa sentimita 90, upana 50 na kina 50, na jioni yote linawaka buluu tupu. Nikamweleza kwamba ndivyo bahari ilivyo huko chini. Mama amekulia Paje, Unguja, ametafuta pweza juu ya mwamba kila bamvua tangu utotoni. Akanitazama tu. "Mwanangu, mwamba naujua. Hauko hivi."

Nimelifikiria sana jibu lake, kwa sababu sote wawili tulikuwa na haki. Mwamba anaoujua yeye maji yake yako magotini wakati wa kupwa, na jua jeupe la mchana linayapiga matumbawe moja kwa moja. Mwamba ninaousema mimi uko mita kumi na tano, ishirini. Muulize mzamiaji yeyote aliyewahi kukatwa na chaza huko chini: damu yake huiona ina ukijani, maana wekundu wa mwanga umeshamezwa na maji njiani. Katika maji safi ya bahari kuu mwanga unaofika mbali zaidi ni wa buluu, na matumbawe ya kina hicho yamezoea kuishi kwa huo.

Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi vijimwani vidogo mno ambavyo ndivyo vinavyolilisha. Klorofili yao hunyonya buluu kwa uroho, hasa kati ya nanomita 430 na 460, na wana rangi nyingine iitwayo peridinini inayoshika kuanzia 470 kwenda kwenye kijani. Kwa hiyo taa ya buluu si urembo, ni chakula. Lakini matumbawe yanayoishi kwa kina cha magoti yanakula mwanga mweupe mchana kutwa na hayafi. Kwa hiyo ukiwa dukani, waache wanaobishana kama buluu ni bora kuliko nyeupe. Uliza taa ipi inaweza kuyafikishia matumbawe yako buluu ya kutosha, isipike maji, isikufilisi kwa bili ya umeme.

Jicho na simu havipimi buluu

Nianze na kosa langu, kwa kuwa ndilo linalofanywa na wengi. Taa yangu ya kwanza ilikuwa LED ya kisanduku cheusi, ya bei poa, isiyo na jina. Juu ya boksi waliandika wati 165. Kwenye mita ya plagi ilivuta 118. Ina vitufe viwili, kimoja cha buluu na kimoja cha nyeupe. Nikaweka buluu nusu, nikapakua programu ya simu ya kupimia mwanga, nikaitia simu kwenye mfuko wa plastiki, nikaishikilia usoni mwa maji. Laksi 5,000 na ushei. Nikaona ni kidogo mno, kivuli cha ukumbini tu mchana kinazidi hapo. Nikafungua buluu mpaka mwisho.

Siku ya tisa tumbawe langu moja, Euphyllia, lilikuwa limejikunja ndani ya mifupa yake, halitoi hata kidole. Jingine la matawi, Acropora, lililokuwa juu ya mwamba, ncha zake zilikuwa nyeupe kama chaki. Jamaa mmoja wa hapa anayefuga akanikopesha kipimo cha PAR, nikakitumbukiza palepale penye Acropora: 540.

PAR ni mwanga wa kati ya nanomita 400 na 700, ule ambao mwani hutumia kutengeneza chakula, na huhesabiwa kwa maikromoli kwa mita mraba kwa sekunde. Laksi ni kitu kingine kabisa. Laksi imepimwa kwa jicho la binadamu, na jicho letu linapenda kijani cha karibu na nanomita 555. Kwenye 450, ambapo taa zetu zina nguvu zaidi, jicho huhisi kama asilimia 4 tu ya kile ambacho lingehisi kwenye kijani hicho. Buluu inaweza kuwa inaunguza na wewe unaiona imefifia. Kwa sababu hiyohiyo, usiitazame taa ya buluu uso kwa uso ati si kali. Ni kali, ila hujui.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha taa na taa, shika namba hizi. Matumbawe laini, uyoga wa baharini na Zoanthus wanatosheka na PAR ya 50 hadi 100. Magumu ya polipu kubwa (polipu ni kijinyama kimojakimoja kinachounda tumbawe) kama Euphyllia, 80 hadi 150. Magumu ya polipu ndogo, yaani Acropora na wenzake, 200 hadi 350. Jua la saa sita mchana juu ya maji ni karibu 2,000, kwa hiyo hata hiyo 350 si jua, ni kivuli cha bahari. Kipimo kizuri ni ghali, basi kopa au changeni watu watano mnunue kimoja. Kama ni cha kampuni ya Apogee, tafuta MQ-510, kimetengenezwa kwa kutumbukizwa majini. Vipimo vyao vya zamani huipunja buluu.

Halaidi: jua la mtu aishiye kwenye baridi

Taa za metali halaidi ndizo zilizowalea wafugaji wa zamani. Globu ya wati 150, 250 au 400, balasti (kifaa cha kuidhibitia globu umeme) nzito kama tofali, na mwanga unaotoka sehemu moja unaopenya maji na kucheza mchangani kama jua la kweli. Mpaka leo sijaona taa nyingine inayometameta vile. Ukitaka buluu unachagua globu ya Kelvini 20,000 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Ya 10,000 ni nyeupe yenye ubuluu kidogo. Muuzaji huwa hakwambii kwamba kwa wati zilezile, ya 20,000 kwa kawaida hutoa PAR ndogo kuliko ya 10,000. Unanunua buluu kwa kupunguza nguvu.

Nilipewa seti ya mtumba ya wati 150 mbili na mtu aliyekuwa akihama. Januari na Februari ilikuwa raha. Aprili maji yakafika nyuzi 30, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na matumbawe yanapenda 25 hadi 27. Halaidi hushusha joto lake moja kwa moja majini. Joto pamoja na mwanga mkali ndivyo vinavyofanya tumbawe litapike vijimwani vyake na kupauka. Ndilo lililozikuta pwani zetu mwaka 1998, bahari ilipochemka. Sikuona sababu ya kulirudia sebuleni. Ningeweza kununua mashine ya kupoza maji, lakini hapo nalipa umeme wa taa, kisha nalipa umeme wa kuliondoa joto la taa.

Binamu yangu wa Milton Keynes, Uingereza, bado anazo, na anazipenda. Kule nusu ya mwaka hita ya tangi inalala kwa sababu halaidi inafanya kazi yake. Mtu wa nyumba baridi asicheke. Wa Maskati, Dar au Mombasa asahau.

Tyubu za T5: mwanga usio na kivuli

Hizi ni zile taa ndefu nyembamba, lakini za nguvu kubwa. Kwa tangi la sentimita 90 inaingia tyubu ya wati 39, kwa la 120 ya wati 54. Huchagui kwa kitufe, unachagua kwa kuchanganya tyubu: kwenye seti ya sita, watu wengi huweka nne za buluu, kama ATI Blue Plus, na mbili zenye rangi nyingine zaidi, kama Coral Plus. Kila moja ina kioo cha kuakisi nyuma yake.

Uzuri wake wauelewe kwa kulitazama tawi la Acropora kutoka chini. Chini ya LED moja yenye nguvu, upande wa juu wa tawi umenawiri, wa chini ni kahawia, maana uko kivulini siku zote. Chini ya tyubu sita, mwanga unatoka kila upande na tawi zima lina rangi moja. Kwa usawa wa mwanga, T5 bado ni bingwa.

Ubaya ni gharama inayojirudia. Tyubu ya buluu hupoteza nguvu kimyakimya, unaiona inawaka vizuri kumbe matumbawe yanashinda njaa, hivyo hubadilishwa kila miezi 9 hadi 12. Sita kwa mpigo, kila mwaka, na upate za buluu khasa, si zile za ofisini. Kila mwaka zinazidi kuwa adimu. Tyubu zina zebaki, na Umoja wa Ulaya ulisimamisha kuingizwa sokoni kwa T5 za matumizi ya kawaida Agosti 2023. Mwaka huohuo nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, zikakubaliana tyubu za taa za kawaida ziishe ifikapo 2027. Za matangi ni kundi maalumu, lakini viwanda vya tyubu vikipungua, bei haitashuka. Mimi leo singeanza upya kwa T5 peke yake. Mwenye seti nzima tayari, aitumie mpaka ichoke.

LED: wengi tutaishia hapa

Buluu ya LED ina hadithi yake. Nyekundu na kijani zilikuwepo miaka mingi. Buluu yenye mwanga wa kutosha iliwashinda wataalamu mpaka Wajapani watatu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipoifungua, wakatuzwa Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Bila wao tungekuwa bado tunabeba balasti.

Tuhesabu umeme kwa tangi langu. Halaidi mbili za 150 kwa saa 8 kwa siku ni yuniti 72 kwa mwezi, bila kuhesabu balasti wala kupoza. T5 sita za wati 39, saa 8: yuniti 56. LED mbili zinazofikia jumla ya wati 190, zikiwaka saa 10 kwa wastani wa asilimia 60: yuniti 34. Zidisha kwa bei ya yuniti ya kwenu. Na joto la LED linapanda juu kwenye bati lake la kupozea, haliendi majini kwa kiasi kile.

Umeme ukikatika, LED inaweza kushikiliwa na inveta ndogo. Angalia jambo moja kabla ya kununua: je, taa inakumbuka saa baada ya umeme kurudi? Kile kisanduku changu cheusi kilikuwa hakikumbuki. Umeme ukirudi saa tisa usiku, chenyewe kinaona ni asubuhi.

LED nazo zina kasoro zake. Chipu zake, vile vijitaa vidogo vya ndani, zikiachana mno bila lensi nzuri unapata rangirangi zinazotembea juu ya mchanga, na hapo neno la mama la disko linakuwa kweli tupu. Feni hunyonya chumvi na kuanza kulalama. Programu ya simu huweza kukuacha siku kampuni ikichoka nayo. Na kivuli nilichokieleza hapo juu ni tatizo la LED kuliko taa yoyote. Dawa yake ni kutumia mbili ndogo badala ya moja kubwa, au kuongeza fimbo ndefu za LED za buluu mbele na nyuma.

Kati ya zinazojulikana: Kessil A360X Tuna Blue, wati 90, chipu zake zimebanwa sehemu moja, hivyo inametameta karibu na halaidi na haina rangirangi, lakini inaangaza duara, na pembe za tangi refu zinabaki gizani. Radion XR15 na AI Hydra zina makundi mengi ya chipu za rangi unayoyapanga mwenyewe, na zinatawanya vizuri zaidi. Kwa tangi dogo la sentimita 45 hadi 60 lenye matumbawe laini, AI Prime moja inatosha na kubaki. Kisanduku cheusi nacho, nikiwa mkweli, kinakuza. Kilichoniunguzia matumbawe ni mkono wangu. Kama mfuko hauruhusu zaidi, kinunue, kipime, kiinue juu.

Toleo la buluu au la mchanganyiko?

Ukishaamua LED, duka linakuuliza tena. Radion, kwa mfano, huuzwa kwa matoleo mawili: Blue, iliyojazwa chipu za buluu na urujuani, na Pro, yenye nafasi zaidi ya nyeupe na rangi nyinginezo. Kwa ukuaji tofauti yake si ya kukunyima usingizi. Tofauti kubwa ni macho yako.

Matumbawe mengi yana protini zinazopokea buluu na kuitoa tena kwa kijani, chungwa au nyekundu, ndiyo maana usiku yanang'aa kama yana umeme ndani. Toleo la buluu linalitoa jambo hilo vizuri ajabu. Lakini kuna matumbawe ya rangi ya zambarau au waridi ambayo hayang'ai, yanaakisi tu. Hayo yanahitaji nyeupe kidogo, la sivyo yanaonekana meusi.

Kuna sababu nyingine ninayoiona nzito zaidi. Chini ya buluu tupu, ugonjwa hujificha. Tumbawe linaloanza kupauka linaweza kung'aa zaidi kwa siku kadhaa, kwa kuwa vijimwani vya kahawia vilivyokuwa vikifunika ule mng'ao vimeondoka. Mwenyewe unapiga picha, unafurahi, kumbe ni mgonjwa. Utelezi mwekundu unaofunika mchanga hauuoni. Nyama inayoanza kubanduka chini ya shina huioni. Wauzaji wa vipande vya matumbawe wanalijua hili sana: picha imepigwa chini ya buluu kwa kichujio cha chungwa, kinachofika nyumbani ni kitu cha kahawia. Mwambie muuzaji akuwashie nyeupe dakika moja. Akikataa, umeshajibiwa.

Kwa hiyo mimi ningechukua toleo la mchanganyiko, niliendeshe likiegemea buluu. Mwenye tangi la maonyesho ya usiku, na anayo tochi nyeupe na nidhamu ya kuitumia kila siku, achukue la buluu. Nidhamu hiyo sina.

Ningenunua nini

Tangi la hadi sentimita 60, matumbawe laini na Euphyllia: LED moja ya wati 50 hadi 90, sentimita 20 hadi 30 juu ya maji. Sentimita 90, mchanganyiko: LED mbili za wati 90 hivi, usiweke moja kubwa katikati. Sentimita 120 na kuendelea, Acropora tupu: LED pamoja na tyubu mbili au nne za T5 pembeni, au LED na fimbo za buluu kama hutaki habari za zebaki. Nyumba ya baridi na bili ndogo ya umeme: halaidi ya 20,000 ukiipenda, na buluu ya ziada ya asubuhi na jioni.

Taa yoyote mpya ianze kwa asilimia 40, wiki mbili, kisha ongeza 5 kila wiki. Tumbawe likigeuka kahawia na kurefuka kama linamtafuta mtu dirishani, lina njaa ya mwanga, au maji yana virutubisho vingi mno. Likififia na kujikunja, punguza leo hii, usingoje Ijumaa.

Na kwa wale wa nyumbani wanaoniandikia, "wewe mtu wa Unguja unanunuaje matumbawe, si ungeng'oa ukaja nayo?": matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Hayavuki mpaka bila kibali, hata kipande cha kidole. Vipande vilivyofugwa vinatosha, na vimeshazoea taa.

Sasa tangi langu lina Hydra mbili na fimbo mbili za buluu. Acropora iliyo juu kabisa inapata 280, Euphyllia iliyo chini kushoto inapata 110. Linawaka saa nne asubuhi kwa buluu, na kuanzia saa nane hadi saa kumi naongeza nyeupe mpaka mawe yaonekane ni mawe. Mama akipiga simu ya video, naifanya iwe saa hizo. Juzi kaniambia niisogeze kamera karibu na mwamba wa kulia, akanyamaza kidogo, halafu akasema pale chini ya lile jiwe pweza angekaa.